Shamba la kando ya mji hufa kwa bei kabla tingatinga halijafika

Ukimuuliza mtu mashamba yanayozunguka miji huisha vipi, atakusimulia habari ya tingatinga. Asubuhi moja mashine inaingia, mazao yanalazwa chini, wiki inayofuata malori yanamwaga kokoto. Habari hiyo ni ya kweli, ila ni ukurasa wa mwisho. Tingatinga linapofika, shamba huwa limeshakufa miaka kumi au ishirini nyuma, na kilicholiua hakikuwa na minyororo wala magurudumu. Ilikuwa bei.

Sisemi hivyo ili kuwalaumu wauzaji, wala madalali. Nasema hivyo kwa sababu anayetaka kuyalinda mashamba haya bila kuelewa bei inavyofanya kazi atajikuta amesimama mbele ya mashine na bango mkononi, siku ambayo mambo yote yameshaamuliwa. Na ukishaielewa bei, utaona pia kwa nini mkulima hawezi kulilinda shamba lake peke yake, na kwa nini mtu wa mjini naye hawezi kumlindia akiwa mbali.

Mji umekalia sahani yake

Tuanze na udongo. Miji mingi haikuota popote pale. Ilianza kwenye mabonde, kando ya mito, au kwenye bandari zenye nchi tambarare nyuma yake, kwa kuwa watu walikaa pale palipowalisha. Mji uliponenepa, ulinenepa juu ya sahani yake mwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani ulikadiria kwamba hadi kufikia mwaka 2030 upanuzi wa miji utameza kati ya asilimia 1.8 na 2.4 ya ardhi yote ya mazao duniani. Ni namba ndogo ukiisikia juu juu. Lakini watafiti hao walikuta kwamba ardhi inayomezwa huzalisha mara 1.77 ya wastani wa dunia, na kwamba karibu asilimia 80 ya upotevu huo itakuwa Asia na Afrika. Kinachopotea si ardhi ya wastani. Ni ile nzuri.

Wala haipatikani tena kirahisi. Sentimita moja ya udongo wa juu huchukua mamia ya miaka kujijenga. Ukishauondoa, ukaushindilia na kuufunika kwa lami, hata jengo likibomolewa kesho, kinachobaki chini si shamba.

Zamani mji ulikuwa na sababu ya wazi ya kuwajali majirani zake. Mwaka 1826 Johann Heinrich von Thünen, mwenye shamba kaskazini mwa Ujerumani, alichapisha maelezo ya mji wa kufikirika uliozungukwa na duara za kilimo. Duara la karibu kabisa lilikuwa la mboga na maziwa, kwa sababu huharibika njiani. Nafaka zilikaa mbali zaidi, na mwisho kabisa mifugo, ambayo ingeweza kutembea yenyewe hadi sokoni. Reli na malori yenye majokofu yalizivunja duara hizo. Mboga ikaanza kutoka kilomita elfu moja, na mji ukaacha kumhitaji jirani yake. Mkulima wa kando akabaki na kitu kimoja tu ambacho mji ulikitaka kutoka kwake, nacho ni mahali alipokaa.

Bei mbili za ekari moja

Ekari iliyo ukingoni mwa mji huwa na bei mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ile inayoweza kurudishwa na mavuno: mkulima akiinunua kwa mkopo, mazao yataulipa. Ya pili ni ile anayoweza kuitoa mtu anayewaza viwanja, na bei hiyo mavuno hayawezi kuirudisha hata kwa vizazi vitatu. Tofauti kati ya bei hizo mbili haikutokana na jasho la mwenye shamba. Imetokana na barabara iliyopita karibu, bomba la maji lililofika kijiji cha pili, na zaidi ya yote, mstari ambao mtu fulani ofisini ameuchora kwenye ramani, au anatarajiwa kuuchora.

Kama unadhani natia chumvi kuhusu mstari huo, tazama jimbo la Ontario, Kanada. Mwaka 2005 jimbo hilo liliweka mkanda wa kijani wa takriban hekta 800,000 kulizunguka eneo la Toronto, ukiwa na mashamba, misitu na mabwawa ndani yake. Novemba 2022 serikali ilitangaza kutoa vipande 15 ndani ya mkanda huo, jumla ya hekta kama 3,000, ili vijengwe nyumba. Hakuna aliyekuwa ameshika jembe wala tofali. Lakini Agosti 2023 mkaguzi mkuu wa jimbo aliripoti kwamba uamuzi huo peke yake ungeweza kuongeza thamani ya ardhi ya wamiliki wachache kwa zaidi ya dola bilioni 8 za Kanada. Wakazi wa mijini na vyama vya wakulima walipaza sauti pamoja, na Septemba mwaka huohuo waziri mkuu wa jimbo, Doug Ford, aliomba radhi na kurudisha vipande vyote. Dola bilioni 8 zilikuwa zimekaa kwenye ncha ya kalamu.

Sasa rudi kwa mkulima anayeishi jirani na kalamu kama hiyo. Anajua kuwa siku moja mstari unaweza kusogezwa. Kwa nini apande miti ya matunda itakayoanza kuzaa baada ya miaka saba? Kwa nini achimbe mitaro mipya, au ajenge ghala la kudumu miaka thelathini? Anaanza kulima kwa kubahatisha, msimu kwa msimu. Wataalamu wa Marekani waliipa hali hii jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa ugonjwa wa kutodumu. Mimi ningeuita ugonjwa wa kungoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa kinachoumia ni udongo.

Ugonjwa huu huambukiza. Jirani mmoja akiuza, mwenye karakana ya trekta anapoteza mteja. Wakiuza watano, karakana inafungwa, muuza mbegu anahama, na gari la kukusanya maziwa linaacha kupita kwa kuwa safari hailipi. Waliobaki sasa wanasafiri mbali kwa kila bolti na kila dawa ya mifugo, hivyo gharama yao inapanda bila wao kubadilisha chochote. Na yule aliyenunua wala hajengi. Anangoja naye. Analikodisha shamba kwa mkataba wa mwaka mmoja, au analiacha liote vichaka, kisha vichaka hivyo vinageuzwa ushahidi mbele ya kamati ya mipango miji kwamba ardhi hii haitumiki.

Ugumu ulipo

Hapa ndipo watu wa mjini wenye nia njema huteleza. Wanaona kijani, wanaona jua likizama nyuma ya shamba, wanasema: ipigwe sheria, pasijengwe. Wanasahau kwamba kwa mkulima aliyefanya kazi miaka arobaini bila mwajiri, ile bei ya pili ndiyo pensheni yake. Ndiyo dhamana yake benki. Ndiyo atakayowagawia watoto watano ambao wanne kati yao hawatalima. Ukipitisha sheria inayoifuta bei hiyo kwa usiku mmoja, umechukua akiba yake na kumwachia mandhari yako.

Jimbo la British Columbia, Kanada, lilipitia jambo hili waziwazi. Desemba 1972 serikali ilisimamisha kwa ghafla ugawaji wa ardhi ya kilimo, na mwaka 1973 ikapitisha sheria iliyotenga hifadhi ya ardhi ya kilimo yenye ukubwa wa hekta kama milioni 4.7. Waliotangulia kuandamana walikuwa wakulima wenyewe. Mwaka huohuo serikali ilipitisha sheria nyingine ya kuwahakikishia wakulima kipato, maana ilikuwa imeshadhihirika kwamba huwezi kulinda shamba huku unamwacha anayelilima azame. Hifadhi hiyo ipo hadi leo.

Oregon, Marekani, ilikwenda njia inayofanana lakini kwa mlango tofauti. Sheria yake ya mwaka 1973 ya kupanga matumizi ya ardhi ilisukumwa na Hector Macpherson, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyekuwa seneta wa jimbo, pamoja na gavana Tom McCall. Kila mji ulitakiwa uchore mpaka wake wa ukuaji: ndani ya mpaka jenga, nje ya mpaka lima. Kwa kuwa mfugaji ndiye aliyesimama mbele, ilikuwa vigumu kusema kwamba hii ni njama ya watu wa mjini. Hata hivyo, kidonda cha bei hakikufunga. Mwaka 2004 wapiga kura waliunga mkono hoja iliyowataka viongozi ama wawalipe wamiliki thamani waliyopoteza kwa masharti ya ardhi, ama wayaondoe masharti hayo. Maombi yalimiminika, watu wakaanza kuona ramani ya vitongoji vilivyokuwa vinakuja juu ya mashamba, na mwaka 2007 wapiga kura wa jimbo lilelile wakaipunguza makali hoja waliyoipitisha wenyewe. Naipenda Oregon kama mfano kwa sababu haina malaika wala shetani. Watu wanataka shamba libaki, na wanataka pia mwenye shamba asidhulumiwe, na mambo hayo mawili huvutana.

Kuinunua ile tofauti

Njia moja ya kuumaliza mvutano huo ni kuinunua ile tofauti ya bei waziwazi. Ili kuielewa, lazima uache kuufikiria umiliki wa ardhi kama kitu kimoja. Mwenye ardhi ana haki ya kulima, haki ya kurithisha, haki ya kukodisha, haki ya maji, haki ya kujenga. Haki hizi zinaweza kutenganishwa. Mkulima anaweza kuuza haki ya kujenga peke yake na kubaki na nyingine zote. Anayeinunua, ambaye huwa ni halmashauri au amana ya ardhi, yaani taasisi iliyoundwa kuilinda ardhi badala ya kutafuta faida, haitumii. Anaifungia kabatini. Mkataba unaandikishwa kwenye hati na kumfuata kila mmiliki atakayekuja.

Kaunti ya Suffolk, upande wa mashariki wa New York, ilianzisha mpango wa aina hii mwaka 1974 na kununua haki za kwanza mwaka 1977. Mkulima alipata fedha taslimu karibu sawa na ile tofauti ya bei, akalipa madeni, na shamba likabaki na bei moja tu, ile ya mavuno. Huko King, kaunti ya mji wa Seattle, wapiga kura waliidhinisha mwaka 1979 hati fungani za dola milioni 50 kwa kazi hiyohiyo. Ifikirie kura hiyo kidogo. Wengi wa waliopiga hawakuwa na hata ng'ombe mmoja, na walikubali kutozwa kodi kwa miaka mingi ili shamba la mtu mwingine lisipimwe viwanja.

Lakini kisa ninachokiona kimekamilika zaidi ni cha Marin, ng'ambo ya daraja kutoka San Francisco. Miaka ya 1960 kulikuwa na mipango ya barabara kuu na vitongoji kuelekea pwani, kwenye malisho ya ng'ombe wa maziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kaunti iligeuza njia na kuweka masharti kwamba nyumba moja isijengwe katika eneo pungufu ya ekari 60. Wafugaji wengi walikasirika, kwa sababu tulizokwisha kuziona. Kilichofuata ndicho chenye somo: mwaka 1980 mfugaji Ellen Straus na mwanabiolojia Phyllis Faber walianzisha amana ya ardhi ya kilimo, moja kati ya za kwanza za aina yake nchini humo, ili kuwalipa wafugaji kwa haki za kujenga wanazoziacha. Sheria ilizuia, amana ikafidia. Mmoja aliijua lugha ya zizini, mwingine aliijua lugha ya vikao vya kaunti, na hakuna aliyelazimika kujifanya mwenzake.

Kaunti ya Montgomery, Maryland, ilitumia ujanja mwingine mwaka huohuo wa 1980. Ilitenga hifadhi ya kilimo ya ekari kama 93,000, karibu theluthi ya kaunti nzima, ikapunguza ujenzi hadi nyumba moja kwa ekari 25, kisha ikawaruhusu wenye mashamba kuziuza haki zao za kujenga kwa makampuni ya ujenzi ambayo yalizihamishia maeneo ya mjini yaliyokubaliwa. Kampuni ikinunua haki hizo, inaruhusiwa kujenga nyumba nyingi zaidi mahali penye barabara na mabomba tayari. Fedha hazikutoka hazina ya umma. Zilitoka kwa mjenzi. Mpango huu una sharti moja ambalo watu wa mjini hawapendi kulisikia, nalo nitalirudia baadaye.

Kukiondoa kipande sokoni kabisa

Msomaji anayejua wakfu ataielewa haraka njia ya tatu. Mali ikishawekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Manufaa yake ndiyo yanayotumika. Huko Ufaransa kuna taasisi iitwayo Terre de Liens, iliyoanzishwa mwaka 2003, inayofanya jambo la jamaa hiyo. Watu wa kawaida, wengi wao wakaazi wa mijini, wananunua hisa au kutoa sadaka ya ardhi na fedha. Taasisi inanunua mashamba, haiyauzi tena, na inayakodisha kwa wakulima kwa mikataba mirefu yenye masharti ya kutunza udongo na maji. Mashamba yake yamepita 300. Mwenye hisa hatajiriki. Anachopata ni kujua kwamba kipande fulani cha nchi hakitarudi mikononi mwa dalali.

Taasisi hiyo haifanyi kazi hewani. Tangu miaka ya 1960 Ufaransa ina mashirika ya ardhi ya kimkoa yenye haki ya kutangulia kununua shamba linapouzwa, na vyama vya wakulima vimo ndani ya uongozi wake. Yaani kila mauzo ya shamba hupita mezani kwa watu wanaoweza kusema: subiri, huyu anayenunua ni mkulima au ni mtu wa viwanja? Bila meza kama hiyo, chama cha wananchi hupata habari za shamba kuuzwa siku uzio unapojengwa.

Kapu la mboga na kinachokosekana ndani yake

Mpaka sasa nimezungumzia ardhi tu. Lakini shamba lililolindwa ambalo halimlishi mkulima litaachwa pia, tena bila kuwepo mtu wa kulaumiwa. Ndiyo maana upande wa pili wa ushirikiano huu ni mlo.

Huko Japani, miaka ya 1970, vikundi vya akina mama wa mijini waliokuwa na wasiwasi juu ya viuatilifu waliingia makubaliano ya moja kwa moja na wakulima, utaratibu unaoitwa teikei. Geneva walikuwa na ushirika wao mwaka 1978. Marekani ilifuata mwaka 1986 kwenye mashamba mawili ya kaskazini mashariki, na Ufaransa mwaka 2001, walipokutana wakulima wa Ollioules, kando ya Toulon, na walaji wa mji wa Aubagne. Mpango ni uleule kila mahali: walaji wanalipa kabla ya msimu, mkulima anapata mtaji bila kukimbilia mkopo, na kila wiki kapu linatoka kwa kile kilichovunwa. Mvua ya mawe ikipiga, kapu linakuwa jepesi na hakuna anayerudishiwa fedha. Hasara inagawanwa.

Utaratibu huu unamrudisha jirani kwenye duara la von Thünen, safari hii kwa hiari. Mtu aliyekula kabichi za shamba fulani miaka mitano hahitaji kuhutubiwa siku shamba hilo linapotishiwa. Anajua njia ya kufika, anamjua mkulima kwa jina, na atakuja kikaoni. Ila tusidanganyane: kapu halishushi bei ya ardhi hata senti moja. Nimewaona watu wenye shauku wakidhani kwamba kununua mboga kwa jirani kunatosha. Kunamwongezea mkulima kipato na nguvu ya kukataa, lakini akistaafu, ile bei ya pili itakuwa bado inamngoja mrithi wake mlangoni.

Kuishi pamoja siku za kawaida

Sehemu isiyo na shangwe ya ushirikiano huu ni siku za kawaida. Samadi inanuka. Trekta linaunguruma saa kumi alfajiri. Mbwa wa mjini wanakimbiza kondoo, watu wa matembezi wanakanyaga miche, vijana wanachuma matunda wakidhani ni ya Mungu. Kwa upande wake mtu wa mjini ana haki ya kuuliza ni dawa gani inapulizwa mita ishirini kutoka dirisha la chumba cha mtoto. Majimbo yote 50 ya Marekani yana sheria za kumkinga mkulima na kesi za jirani aliyehamia baadaye. Zilianza kwa nia ya kumlinda mtu mdogo, lakini zimetumiwa pia na makampuni makubwa ya mifugo dhidi ya wanakijiji waliowatangulia.

Mfano unaonivutia zaidi hapa ni wa Barcelona. Kwenye delta ya mto Llobregat, kati ya uwanja wa ndege, bandari na barabara kuu, kumebaki takriban hekta 3,000 za bustani za mboga na matunda. Mwaka 1998 liliundwa shirika la pamoja la kulisimamia eneo hilo kama hifadhi ya kilimo, likiwa na serikali ya mkoa, halmashauri za miji 14 na chama cha wakulima Unió de Pagesos mezani kama mwenyeji. Ukiangalia kazi yake ya kila siku hutaona mambo ya kushangaza. Linakarabati njia za mashambani, linaweka doria dhidi ya wezi wa mazao na watupa taka, linashughulikia mifereji, linatafutia mazao soko. Hayo ndiyo yanayomfanya mkulima aamini kwamba atakuwepo mwakani. Ugonjwa wa kungoja hutibiwa kwa mfereji uliozibuliwa kwa wakati kuliko kwa hotuba.

Na wakati mwingine kinachowaunganisha watu si mboga kabisa. Philippi, eneo la bustani ndani ya Cape Town, Afrika Kusini, liko juu ya hifadhi kubwa ya maji ya chini ya ardhi. Wakulima na wanaharakati wa hapo walikuwa wakipinga miradi ya ujenzi kwa miaka mingi. Kisha ukaja ukame uliolifikisha jiji ukingoni mwa kufunga mabomba mwaka 2018, na hoja ya Philippi ikageuka: huu mchanga ndio unaopokea mvua na kuishusha chini, ukiuezeka kwa mabati na lami mtakunywa nini? Februari 2020 Mahakama Kuu ya Western Cape ilibatilisha vibali vya ujenzi na kutaka suala hilo liangaliwe upya, athari kwa maji hayo ikiwemo. Mtu asiyejali karoti inatoka wapi alijikuta upande wa mkulima wa karoti.

Mkulima yupi, na nyumba ya nani

Nimekuwa nikisema mkulima kana kwamba ni mtu mmoja. Kwenye kingo za miji mingi, anayelima na anayemiliki ni watu wawili. Anayelima amekodi, au amepewa kwa mdomo, au analima kando ya reli bila karatasi yoyote, na mara nyingi ni mwanamke. Mpango wa kununua haki za kujenga utamlipa mwenye hati tu. Ushirikiano usiouliza mapema nani ana karatasi na nani hana, unaweza kuilinda ardhi vizuri kabisa na kumtoa aliyekuwa akiilima.

Hatari nyingine ni kwamba shamba lililofungwa lisijengwe hubaki kuwa uwanja mzuri wa tajiri. Anajenga jumba moja linaloruhusiwa, anaweka farasi wawili, na bei inapanda tena kwa njia ya uani. Kwa sababu hiyo mikataba mipya, Marin ikiwemo, inaongeza sharti kwamba ardhi iendelee kulimwa au kufugiwa, na huko Vermont amana hubakiza haki ya kulinunua shamba kwa bei ya kilimo pale linapotaka kuuzwa kwa asiye mkulima. Nafuu ya kodi ina tundu kama hilo. Maryland ilianza mwaka 1956 kuitoza ardhi ya kilimo kodi kwa thamani yake ya kilimo, na wengi wakaiga. Lakini anayengoja kuuza viwanja naye anaweza kukata nyasi mara mbili kwa mwaka na kufaidi nafuu hiyohiyo. Japani iliweka sharti la muda. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 1991, mkulima wa ndani ya mji alipata kodi ya shamba kwa kuahidi kulima miaka 30. Miaka hiyo ilipokaribia kwisha mwaka 2022 kulikuwa na hofu kubwa ya mashamba kumwagwa sokoni kwa pamoja, serikali ikaruhusu kuongezwa kwa vipindi vya miaka 10, na wengi waliongeza.

Sasa lile sharti la Montgomery. Watu wanahitaji nyumba, na anayezitaka si adui wa shamba. Ukizuia ujenzi ukingoni bila kuruhusu ujenzi mahali pengine, kodi za nyumba zitapanda, na wajenzi wataruka mkanda wa kijani na kwenda kujenga ng'ambo yake, juu ya mashamba mengine, na watu watatumia saa mbili barabarani. Nyumba zilizoondolewa shambani lazima ziende mahali, na mahali penyewe ni mitaa iliyopo: ghorofa nne pale palipokuwa na moja, maegesho ya magari yakigeuzwa makazi. Mtu wa mjini anayetia saini ya kuokoa shamba asubuhi, kisha jioni anapinga jengo la ghorofa kwenye mtaa wake, ameliuza shamba hilo jioni ileile.

Limebaki suala la umri. Sensa ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2022 ilikuta wastani wa umri wa wakulima ni miaka 58.1. Ulaya, mwaka 2020, karibu theluthi ya wasimamizi wa mashamba walikuwa wametimiza miaka 65 au zaidi. Mashamba mengi yatabadilisha mikono katika miaka michache ijayo, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo itatokea mezani kwa familia baada ya mazishi, pale ndugu wanapotaka kugawana na dalali ameshapiga simu. Amana zenye uzoefu hazisubiri siku hiyo. Zinamtembelea mkulima angali na nguvu, zinamuuliza nani atarithi, anafanya kazi gani, anaishi wapi. Jibu la swali hilo la mwisho mara nyingi ni lilelile: mjini.